SOMO LA AKINA MAMA: TUSIJIZEESHE KWA MAVAZI



Kiswahili chetu kina neno moja zuri ambalo ndilo msingi wa somo hili, nalo ni kujizeesha. Kuzeeka ni kazi ya Mungu na ya miaka, wala hapana awezaye kuikwepa. Kujizeesha ni kazi ya mtu mwenyewe. Tutazame mfano. Mama wa miaka arobaini na minane, mwenye afya na akili timamu, anatoka kwake asubuhi kwenda sokoni Ngaramtoni. Amevaa gauni pana lisilojulikana bega li wapi wala kiuno ki wapi. Juu yake kuna sweta ya mtoto aliyemaliza sekondari, tena kifungo kimoja hakipo. Kiunoni amefunga kanga iliyopauka hata jina lake halisomeki. Akifika barabarani kijana wa bodaboda anamwita, “Bibi, nikupeleke?” Naye anakasirika moyoni, kwa maana mjukuu hana bado.

Kijana yule hakumtukana. Alisoma kilichoandikwa.

Wengine watasema hili ni jambo dogo, na kwamba gazeti la mtaa lina mambo makubwa zaidi ya kuandika kuliko magauni. Mimi nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikubaliani nao. Nimemwona mama aliyesoma vizuri kuliko wengi wetu akiombwa kusoma somo la kwanza siku ya Jumapili, akakataa. Alipoulizwa sababu, alisema macho yanamsumbua. Macho yake yalikuwa mazima, na miwani ilikuwa mkobani. Baadaye alimweleza mwenzake ukweli: hakuwa na nguo ambayo angeweza kusimama nayo mbele ya watu. Sauti ile nzuri tuliikosa kwa muda wa mwaka mzima. Hali kadhalika wako akina mama wasiokwenda kwenye mkutano wa shule wala kusema neno katika kikundi cha kuweka na kukopa, nao hukaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango ili watoke wa kwanza. Tukiuliza tunaambiwa ni unyenyekevu. Mara nyingine ni unyenyekevu kweli. Mara nyingine ni gauni.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wamekwisha kufungua Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya tatu, mahali panapozungumzia kusuka nywele na kujitia dhahabu. Someni vizuri. Mtume anasema uzuri wa mwanamke usitegemee vitu hivyo. Hakuagiza mtu avae matambara. Tena yule mke mwema wa Mithali 31, ambaye tunamsifu kila harusi, mavazi yake yametajwa kuwa ni ya kitani safi na ya rangi ya zambarau, na nguo alikuwa akizishona na kuziuza. Na sisi Waanglikana tungekuwa watu wa mwisho kudharau kitambaa. Meza ya Bwana huvikwa zambarau wakati wa Kwaresima, nyeupe Pasaka, nyekundu Pentekoste, na kijani katika majuma marefu ya kawaida. Akina mama wanaofua na kupiga pasi vitambaa hivyo hawajaitwa wapenda anasa hata siku moja.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mwalimu hawezi kuingia katika somo bila historia yake.

Katika karne ya 19, huko Zanzibar na pwani yote, nguo ilitangaza hali ya mtu. Watumwa walivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara wa Marekani, na wanawake wao walivaa kaniki, ambayo ni nguo ya namna ileile iliyotiwa rangi ya buluu nzito inayokaribia weusi. Mtu aliweza kumtambua mtumwa kwa mbali kabla hajamwona uso. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki wakajifunga kanga. Kanga wakati huo ilikuwa kitu kipya. Ilianza kwa leso zilizounganishwa, kisha ikaja kanga ya kupigwa chapa yenye pindo, mji na baadaye jina. Wanawake wale hawakuwa matajiri. Hata hivyo walijua kwamba nguo ya kuchagua mwenyewe, kwa fedha ya jasho lako, ni tofauti kabisa na nguo ya kupewa na bwana. Mimi naona jambo hilo ni kubwa, na nawaomba mlikumbuke tutakapofika kwenye sare.

Huku kwetu bara tumekuwa na visa vyetu. Katika miaka ya 1967 na 1968 palikuwa na kampeni ya serikali katika Mkoa wa Arusha, iliyotaka Wamasai waache shuka na ngozi wavae suruali na magauni. Kisha Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua vilipigwa marufuku.  Kampeni zote mbili zimepita. Shuka bado ipo Ngaramtoni kila siku ya soko, na sketi fupi nazo zipo.

Hao akina mama wa Kiarusha na wa Kimasai, hebu watazameni kwa macho ya mwanafunzi. Mama mtu mzima hakuvaa kama binti yake, wala hakujifunika kama mzigo. Shanga zake, mapambo ya masikio yake na namna alivyojifunga shuka vinaeleza kwamba ameolewa, amezaa, ana heshima yake. Umri kwake ni daraja lililo na vazi lake. Anatembea wima. Sisi tuliosoma tulichukua gauni la kizungu bila kuambiwa mtu wa makamo avae nini, ndiyo maana tukifika miaka arobaini na mitano tunababaika: wengine tunavaa ya mabinti, wengine tunajificha ndani ya gunia.

Tena kizazi changu kilikulia katika uhaba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa chuo cha ualimu, kitenge kilikuwa cha kupanga foleni. Mkisikia mzigo umefika dukani, kutoka Urafiki ya Dar es Salaam au Kiltex ya hapa Arusha ambayo haipo tena, hapakuwa na kuchagua rangi. Ulichukua ulichopewa ukashukuru. Baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mitumba ilimiminika, nasi tuliiita kafa Ulaya. Kwa hiyo tumetoka kwenye kupanga foleni tukaingia moja kwa moja kwenye lundo, bila kupita mahali pa kujifunza kuchagua. Wengi wetu mpaka leo tunavaa kana kwamba tuko kwenye foleni.

Na leo kuna foleni mpya, nayo ni sare. Mwezi mmoja waweza kuwa na sendofu, harusi, kicheni pati na kipaimara, na kila shughuli ina kitenge chake. Mama analipia kitenge asichokipenda, kwa rangi isiyompatana, kisha fundi wa kamati anawashonea wote mshono mmoja, mwembamba na mnene. Kitavaliwa mara moja. Mwisho wa mwaka ana vitenge saba kabatini na hana hata nguo moja iliyo yake. Sisemi tuache sare, maana kushirikiana ni kuzuri. Nasema tuwe na uthabiti wa kuiambia kamati: kitambaa nitachukua, mshono nitachagua mwenyewe. Na pale ambapo mfuko hauruhusu, kilemba au mtandio wa rangi hiyo unatosha. Ndugu zako wa kweli watakuona.

Tuje kwenye mwili wenyewe. Mwanamke akikaribia miaka hamsini mwili hupanga upya vyumba vyake. Kiuno hupanuka, tumbo hutokeza, kifua hushuka, mgongo wa juu huinama kidogo, miguu huvimba jioni. Hedhi inapokoma huja joto la ghafla ambalo halijali kwamba ni mwezi wa Julai na ukungu wa Mlima Meru umefika mpaka mlangoni. Hakuna aibu katika lolote kati ya hayo. Kosa ni kuendelea kumpa fundi vipimo vya mwaka ule uliofunga ndoa, au, kinyume chake, kumwambia, “Shona tu pana, mimi ni mtu mzima.” Gauni pana halifichi unene. Huning’inia kutoka mahali palipotokeza zaidi, kisha mwili wote unaonekana kuwa na upana wa mahali hapo.

Fundi cherehani ni mtu muhimu katika somo hili, basi nitakaa naye zaidi.

Kwanza, usipimwe juu ya sweta. Hapa kwetu baridi ndiyo inayoharibu magauni mengi. Mama anafika kwa fundi asubuhi amevaa sweta na kanga mbili, fundi anaona haya kumwambia avue, anazungusha futi juu ya vyote. Inchi tatu zimeongezeka kabla mkasi haujashikwa. Nenda mchana, vua sweta, simama kama unavyosimama siku zote, wala usivute tumbo ndani. Baada ya ibada hutaweza kulivuta.

Pili ni bega. Mshono wa bega ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiangukia mkononi, hata kitambaa cha bei kubwa kitaonekana cha kuazima. Fundi mzuri akilipata bega, nusu ya kazi imekwisha. Kisha mwombe ashone ile mikunjo midogo inayotoka ubavuni kuelekea kifuani, ili nguo ipate umbo. Mafundi wengi siku hizi huiruka kwa kuharakisha. Lipia muda wake.

Tatu ni urefu. Mwenye tumbo, nguo yake hupanda mbele na kushuka nyuma, na kila mtu anaiona isipokuwa yeye mwenyewe. Dawa yake ni rahisi: fundi apime urefu mbele na nyuma mbalimbali, kuanzia kiunoni hadi chini, wala asidhani ni sawa. Pindo liishie mahali ambapo mguu ni mwembamba, yaani chini kidogo ya goti, au karibu na kifundo. Likiishia katikati ya shavu la mguu, pale palipo panene kuliko pote, linaufanya mguu uwe kama mchi.

Kama kitambaa ni cha pamba, kiloweke na kukianika kivulini kabla hakijakatwa. Pamba nyingi hurudi, na ni afadhali irudi ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni. Angalia maua yake pia. Kitenge chenye maduara makubwa kikikatwa ovyo, duara moja linaangukia kifuani na jingine nyuma, na waumini walio nyuma yako watapata kazi ya kusikiliza mahubiri. Mwambie fundi atandaze kitambaa juu yako kwanza, mbele ya kioo, mkubaliane ua lipi likae wapi.

Badala ya kumwonyesha fundi picha ya binti wa miaka ishirini kwenye simu, mpelekee nguo yako moja inayokukaa vizuri kuliko zote, hata kama imechakaa. Mwambie, “Fundi, nipe hii, ila kola iwe hivi.” Picha inamwonyesha mwili wa mtu mwingine. Nguo yako inamwonyesha wako.

Nitalisema na hili bila kuona haya, maana wanaosoma ni akina mama: sidiria iliyolegea mpira inaharibu kila gauni linalovaliwa juu yake. Wengi tunavaa ukubwa tulioujua tulipokuwa wasichana. Pimeni upya. Na chini ya kitambaa chepesi vaeni shumizi, hasa wale wanaosimama mlangoni mwa kanisa wakati jua liko nyuma yao.

Kuhusu mitumba sina ugomvi nayo, ingawa naujua uchungu wa viwanda vyetu. Nchi za Afrika Mashariki ziliazimia mwaka 2016 kuiondoa hatua kwa hatua, zikabanwa na Marekani katika mambo ya biashara, na kwetu bado ipo. Anayekwenda kuinama kwenye lundo, aangalie bega kwanza. Kiuno fundi atakipunguza kwa nusu saa, pindo atalifupisha. Bega lisilokaa ni kazi kubwa na mara nyingi halirudi. Geuza nguo ndani, tazama mishono na bitana. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa, ipeleke kwa fundi. Blauzi ya shilingi chache iliyorekebishwa hukaa vizuri kuliko mpya ya dukani iliyoachwa ilivyo.

Rangi. Wako wanaoamini kwamba mtu mzima ni kahawia, kijivu na buluu iliyokoza, kama sare za magereza. Ngozi nyeusi huchukua rangi vizuri mno, na uso ulioanza kuchoka huhitaji rangi hai karibu nao. Simama mlangoni mchana, weka kitambaa chini ya kidevu, mwulize mtu mkweli. Rangi inayokufaa inafanya watazame macho yako. Isiyokufaa inafanya watazame kitambaa. Kama rangi unayoipenda haikupatani, ivae chini, sketi au viatu, mbali na uso.

Wajane niseme nao kwa upole. Nguo nyeusi ya maombolezo ina wakati wake, na kila ukoo una desturi yake. Lakini namfahamu mama aliyevaa nyeusi miaka minne kwa sababu tu hakuna aliyemwambia inatosha, naye aliogopa kuwa wa kwanza kusema. Watu walidhani bado analia. Yeye alikuwa amekwisha kulia, ila hakujua njia ya kutoka. Wakwe na mawifi walimhukumu kwa macho alipojaribu kitenge cha kijani. Ninyi mnaosoma, kama kuna mjane kama huyo katika jumuiya yenu, mpelekeeni kanga doti moja yenye rangi. Ataelewa bila maneno.

Kichwa na miguu nitavipitia haraka. Mvi ni heshima, mwenye kuzipaka na asizipake wote sawa, ila nywele ziwe zimetengenezwa. Kilemba kifungwe kikae. Siyo kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kichwani. Viatu vya kisigino kifupi na kipana vinatosha. Ndala ni za bafuni. Nguo isiyopigwa pasi haina mtindo, iwe ya hariri au ya nini.

Sasa mtindo wako mwenyewe, ndiyo sehemu ngumu, maana hapa hakuna kanuni ya kuandika ubaoni. Kumbuka siku mbili tatu watu walipokusimamisha njiani wakasema umependeza. Ulivaa nini? Usitazame nguo tu, tazama ndani ya nguo kulikuwa na nini: shingo ya mraba? mikono ya robo tatu? rangi ya machungwa yaliyoiva? sketi nyembamba? Utakuta kitu kimoja kinajirudia. Hicho ndicho chako. Mwenzangu mmoja shuleni alivaa kola nyeupe, iliyofuliwa na kutiwa wanga, juu ya kila gauni, miaka ishirini. Magauni yake yalikuwa manne tu. Wanafunzi wake, ambao sasa ni watu wazima, wakimtaja hutaja kola. Mama mwingine mtaani kwetu ni mtu wa mkufu mmoja wa shanga za buluu alionunua kwa akina mama wa soko. Hana kingine. Anatosha.

Wala usiogope yule atakayesema, “Mama mzima unajirembea nani?” Mara nyingi anayeuliza hivyo angependa kujua fundi wako ni nani.

Akina baba, mmekaa kimya mkicheka. Koti la harusi la mwaka 1985 lenye mabega ya rubani, na shati lenye kola iliyoliwa, ni somo la siku nyingine.

KAZI YA KUFANYA. Kabla ya kukutana tena, kila mama atoe kabatini nguo zote alizokuwa nazo mwaka huu, azitandaze kitandani. Zile ambazo alichaguliwa na kamati aziweke kushoto. Alizopewa na watoto au ndugu, katikati. Alizochagua mwenyewe, kulia. Azihesabu aandike idadi kwenye karatasi, bila jina. Karatasi tutazikusanya na kuzisoma pamoja. Kisha kila mmoja aje na nguo moja ya upande wa kushoto, pini na mkasi. Kioo kirefu nitakuja nacho mimi.